Nakala ya Saba

Simu ilipigwa na jirani, maana Bi Salma haoni tena vitufe vya simu. Ami Twaha ametangulia mbele ya haki, alisema jirani yule, amezikwa jana baada ya alasiri, hitima ni Ijumaa, na Bi Salma anasema Zuhura aje, kuna vitabu vyake. Nilikuwa Voi, jikoni kwangu, nakata vitunguu, na simu ilipokwisha nikaendelea kukata mpaka vikazidi chakula chenyewe. Walionizoea husema nina roho kavu. Nimekuwa mtunza maktaba ya shule miaka mingi, nimezika wazazi na mume, na sikuwahi kupiga kelele msibani. Lakini kulikuwa na mtu mmoja duniani niliyekuwa nikiomba asife kabla yangu, na sababu haikuwa mapenzi peke yake. Nilikuwa na neno lake. Nilikaa nalo zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka nilijiambia kwamba nitampelekea Idd ijayo.

Neno lenyewe nililipata mwaka nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, nangoja nafasi ya chuo cha ualimu iliyochukua miezi kumi na miwili kufika. Ya kwetu nitayaacha. Kutwa nilikuwa katika duka la vitabu vikuukuu la Ami Twaha, Mji wa Kale, uchochoro mmoja nyuma ya Biashara Street, pale ambapo sauti za wauza leso zasikika bila maneno. Hakuwa ami yangu wa damu. Kila aliyekuwa mdogo kwake alimwita hivyo. Duka lilikuwa chini, nyumba juu, na baina ya hivyo viwili ngazi ya mawe yenye kamba badala ya kishikio. Wakati wa masika kuta zilitoka jasho, na tulisogeza rafu nusu hatua kutoka ukutani ili vitabu visinywe maji. Miguu ya rafu ilisimama ndani ya mikebe yenye mafuta ya taa, mchwa wasipande. Hapakuwa na dirisha ila moja, juu ya meza yangu, na dirisha hilo lilikuwa la kazi: bila mwanga wake kazi yangu isingefanyika.

Kazi yenyewe Ami Twaha aliiita kukogesha. Kitabu kilichoingia dukani hakikupanda rafuni mpaka kikoge. Vumbi lilitolewa kwa brashi ya kinyozi, jalada likafutwa kwa kitambaa, kisha ikaja kazi ya penseli. Mtu wa Mombasa, aliniambia siku ya kwanza, hanunui kitabu chenye mkono wa mtu mwingine ndani. Huogopa kuwa ni cha wizi, au ni cha maiti. Basi majina, hesabu, mistari, maneno ya pembeni, yote yaliondolewa, na si kwa raba ya dukani inayokwaruza, bali kwa boflo la juzi. Unatoa nyama ya mkate, unaifinyanga mpaka iwe donge, unaisugua juu ya karatasi taratibu, nayo inakula penseli na kugeuka kijivu. "Ukifuta mahali pamoja, futa ukurasa mzima," alinifunza. "Na ukifuta ukurasa mmoja, futa zote. Usiache kiraka. Kiraka ni ushahidi." Alinionyesha pia namna ya kukitambua kitabu kilichokogeshwa na mwingine: unakipeleka penye mwanga, unainamisha ukurasa kidogo, na ule uliosuguliwa haung'ai, umeota malaika, vinyweleo vyembamba. Hakuna aliyeweza kumuuzia kitabu kilichofutwa akidai ni kipya. Nilimwona akiwarudisha wauzaji watatu mlangoni kwa kuinamisha ukurasa mmoja tu.

"Kitabu kikivuka kizingiti hiki hakina mwenyewe," alipenda kusema. "Mwenyewe yuwaja kesho."

Ila kulikuwa na kitabu kimoja ambacho hakikupita mezani kwangu. Juu, chumbani mwake, kwenye rafu fupi karibu na kitanda, alikuwa na nakala sita za kitabu kile kile: cha Kiingereza, jalada la kijani, kitabu mashuhuri cha zamani kilichoeleza namna ya kupima umri wa vitu vya kale kwa kaboni. Magunia yalipofika alikuwa akiyafungua mwenyewe, na kama kilikuwamo cha kijani alipanda nacho juu, akafunga mlango, na hatukumwona mpaka adhana. Akishuka alikuwa mnyonge. Nilidhani ni ugonjwa wa wakusanyaji, maana tulikuwa na mmoja aliyekuja mara mbili kwa mwaka kutoka Nairobi, wakili mstaafu, mtu wa suti na jasho, na yeye alikuwa mgonjwa wa wazi. Wakili alikuwa akikijua kitabu kile kama mfuga mbuzi ajuavyo masikio ya mbuzi wake: chapa ipi ya kwanza, ipi ya pili, ipi ilikuwa na koti la karatasi na nani alilitupa.

"Bwana Twaha, zote sita huuzi hata moja?" aliuliza siku moja, ameketi kwenye kigoda na kikombe cha kahawa. "Moja yako ni chapa ya kwanza. Mimi nitaiweka kwenye kioo."

"Siuzi."

"Basi unakusanya kama mimi."

"Wewe wakusanya," Ami Twaha akamjibu. "Mimi natafuta."

Wakili alicheka, nami nikacheka kwa kuwa mgeni amecheka. Alipokuwa akiondoka alisimama mezani kwangu, akatazama donge langu la boflo, akasema maneno ambayo ningependa asingeyasema. "Endelea hivyo hivyo, binti. Kitabu kilichoandikwa pembeni ni samaki wa jana. Mtu humla akikosa mwingine." Niliyaweka maneno yale akilini. Umri ule ukisifiwa na mtu wa suti unavimba kichwa.

Mara moja tu nilimsikia Ami Twaha akikieleza kitabu chenyewe, na ni mimi niliyemchokoza, tukiwa juu tunakula wali na samaki wa kupaka. Chakula cha adhuhuri tulikula pamoja, sisi watatu, juu ya mkeka, Bi Salma, mke wa Ami, akipakua kwa mwiko mrefu na kunisukumia mimi kichwa cha samaki kwa sababu nilikuwa mwembamba. Nikamuuliza Ami hiyo kaboni inahesabu vipi. Akaokota kaa lililozimika karibu na jiko. "Mti ukiwa hai wavuta pumzi, na kaboni yaingia. Ukikatwa, mlango wafungwa. Kilichobaki ndani chapungua kidogo kidogo, na mwenye elimu hukihesabu akajua tangu lini."

"Basi kilicho hai hakipimiki?"

"Hakipimiki. Hesabu yaanza kikifa."

Bi Salma akauweka mwiko chini. "Kuleni," akasema. "Chakula chapoa." Kwenye ukuta wa chumba kile kulikuwa na msumari usio na picha, na chini ya dirisha sanduku la bati lililofunikwa leso, na miezi yote ile sikuwahi kujiuliza vya nani. Nakwambia ukweli, nilikuwa mtoto wa kujipenda. Nilijua kulikuwa na huzuni katika nyumba ile kama mtu anavyojua kuna chumvi katika maji ya kisima cha Mji wa Kale, niliinywa tu.

Katikati ya mwaka dadake Ami Twaha alifariki Lamu, naye akaenda akakae huko mpaka arubaini ipite. Aliniachia ufunguo wa duka. "Kikija chochote," alisema, mguu mmoja umeshavuka kizingiti, "kifanyie kama nilivyokufunza." Nilijiona mkubwa. Wiki ya pili akaja Mzee Kyalo, Mkamba aliyestaafu reli, ambaye alikuwa akituletea magunia kutoka bara. Alilitua gunia mlangoni akafuta kichwa kwa leso. "Hivi nimeviokoa, mama," akaniambia. "Walikuwa wanaviuza kwa kilo, vifungiwe nyama." Gunia lilinuka moshi na vitunguu. Nikalimwaga sakafuni. Vitabu vya shule, magazeti ya zamani, biblia mbili, na chini kabisa, kimepoteza ukurasa wake wa kwanza ambao huwa na jina la mwenyewe, kitabu cha kijani.

Nilifurahi furaha ambayo nikiikumbuka leo naona haya. Nilijua ni cha saba. Nilijua pia kilikuwa kimeharibika: kurasa nyingi zilikuwa na maneno ya penseli pembeni, madogo, ya mkono mwepesi, kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu kama tulivyofunzwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tukiwa wadogo. Nikaona jinsi Ami atakavyorudi kutoka msibani, amechoka, akikute mezani kikiwa safi kama kilichotoka kiwandani jana, samaki wa leo. Nilikwenda Marikiti kununua maboflo manne, nikayaacha yalale siku mbili, kisha nikaanza. Siku tatu nilikaa chini ya dirisha lile. Sikuyasoma maneno yale. Anayefuta hasomi, akisoma kazi haiishi. Mstari mmoja tu ulinisimamisha, kwa sababu ulianza na neno Baba, na nikafikiri, haya, huyu naye anamwandikia babake kitabuni. *Baba, hili ulinifunza wewe kabla yao.* Kando yake palichorwa alama ndogo ya duara kwenye maneno ya Kiingereza, na maneno hayo sikuyatazama. Nikatabasamu. Nikausugua. Donge likawa kijivu, nikalitupa dirishani, na kunguru wakashuka.

Nilifuta ukurasa huo wote, na uliofuata, na uliotangulia, na zote, hata zile zisizokuwa na alama, ili usibaki kiraka.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo Bi Salma alipata mgeni, binamu yake Bi Maryam, aliyekuja na sahani ya mahamri iliyofunikwa kwa kawa. Nilikuwa jikoni nyuma ya pazia, nimekalia mbuzi nakuna nazi, na mazungumzo yao yalinipita sikioni kama yapitavyo siku zote: harusi ya fulani, bei ya mchele, goti. Kisha Bi Maryam akauliza, sauti chini, "Na huyu mzee, bado yuwakitafuta?"

"Bado," alisema Bi Salma. "Kila nakala yuwaifungua ukurasa kwa ukurasa. Asipouona mkono wa Nasri, halali."

Hilo ndilo lilikuwa jina. Miezi minane katika nyumba ile, na siku hiyo ndiyo niliyolisikia.

"Nawe hujanambia vyema kilichotokea baina yao," Bi Maryam akasema.

"Kitu gani basi. Alikuja Idd ndogo, akamwambia babake ashapata kazi na wale wanaochimba magofu. Mzee akaona ametupwa. Akamwambia, miaka ishirini wakaa katikati ya vitabu vyangu, leo wenda kwa watu baki wakakufunze umri wa vitu vya kwenu? Basi mimi sikukufunza kitu. Ndilo neno la mwisho. Mtoto hakujibu, alikuwa na adabu mno. Akatoka na kitabu chake cha kijani kwapani. Baada ya mwezi akaniandikia barua: Mama, mwambie Baba jibu lake nimeliandika kitabuni mwangu, mule mule pembeni, Idd kubwa nitamletea asome mwenyewe." Nikasikia kikombe kikiwekwa kwenye sahani. "Idd kubwa hakuifikia. Gari lao likapinduka. Mzee alipofika pale mtoto alipokuwa amepanga chumba, mwenye nyumba ashauza kila chenye karatasi. Akarudi na sanduku la nguo."

Mkono wangu uliendelea kukuna nazi. Nilikuna mpaka kifuu, nikakuna na kifuu, maganda meusi yakaingia katika nazi ya chakula cha watu, na ndipo nikaacha. Nilishuka ngazi nikafungua kitabu chini ya dirisha. Kilikuwa cheupe. Nilitoka nje nikatazama chini ya dirisha kwenye uchochoro, na hapakuwa na hata chembe ya boflo, kunguru wa Mombasa hawaachi kitu. Nilijaribu kukumbuka ukurasa wenye mstari ule ulikuwa wapi. Ulikuwa upande wa kushoto. Au kulia. Ulikuwa karibu na mchoro, na michoro ilikuwa zaidi ya thelathini. Niliinamisha kurasa moja moja kama nilivyofunzwa, na kila moja ilikuwa imefifia sawa sawa na mwenzake. Mkono wa Nasri ulikuwa mwepesi kiasi kwamba haukuacha hata mfuo. Nililia, lakini nitasema ukweli, sikumlilia yeye wala babake. Nilijililia mimi.

Siku kumi na tisa zilibaki arubaini kwisha. Katika siku hizo niliyapanga maneno. Ningemwambia yote: gunia, boflo, mstari niliousoma. Niliuandika mstari ule nyuma ya kadi yangu ya shule nisije nikausahau, ingawa hapakuwa na hatari hiyo. Usiku sikufikiri jambo jingine. Nilijua kwamba alichokuwa akikitafuta miaka yote ile mimi nilikuwa nacho, maneno sita, na yalikuwa maneno mema, yangemtosha. Nilijua pia kwamba sikuweza kumpa bila kumwambia nilivyoyapata.

Alirudi Jumamosi kwa basi, mchana, vumbi kwenye nyusi. Tukaamkiana, nikampa pole ya msiba, naye akauliza hali ya duka kwa utulivu wake. Kisha akakiona kitabu. Nilikuwa nimekiacha mezani kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kukificha wala wa kukitoa. Hakuuweka hata mkoba chini. Alikichukua, akaenda nacho penye dirisha, akafungua katikati, na akainamisha ukurasa. Akageuza mwingine, akainamisha. Alifanya hivyo mara nyingi. Mimi nilisimama kando ya rafu nikitazama mgongo wa kanzu yake, na jasho lililochora mstari katikati ya mabega.

"Kilikuwa na maandishi?" akauliza, hakugeuka.

Nilikuwa na maneno yote tayari. "La, Ami," nikasema.

"Kilikuja hivi hivi?"

"Hivi hivi."

Akakifunga kwa mikono miwili. "Vyema," alisema. "Umelitunza duka." Akapanda juu. Adhuhuri ile hakula. Bi Salma alisema ni safari. Jumatatu alipofungua duka aliniambia tusifute tena penseli katika vitabu, boflo laleta sisimizi, na wanaotaka kitabu watakichukua kilivyo. Nilimeza maelezo hayo mazima, kwa kuwa yalinifaa. Nilijiambia kwamba hajui. Nikajiambia zaidi: kwamba sasa ana nakala saba na ataendelea kuitafuta ya nane, na mtu anayetafuta bado ana kitu mbele yake, hali aliyekwisha kupata habari mbaya hana. Nilijiona nimemwachia tumaini. Ni ajabu jinsi woga unavyojua kuvaa nguo za wema.

Barua ya chuo ilifika mwisho wa mwaka. Siku ya kuaga Bi Salma alinipikia mkate wa sinia, na Ami Twaha akanisindikiza mpaka mwanzo wa uchochoro, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa mtu. Watu wa Mombasa hawaachani bila kuombana radhi. Hata mtu akienda Malindi siku mbili atasema kama nimekukosea nisamehe. Kwa hiyo nilipomsikia akisema hayo sikushtuka. "Lolote lililo baina yetu, Zuhura, mimi nimekusamehe," alisema, na akanitazama usoni muda mrefu kidogo kuliko desturi. "Nawe, mamangu, huna neno?"

"Sina, Ami," nikasema. "Nami nimekusamehe." Nilimsamehe, mimi. Hata leo nikiwa peke yangu jikoni sentensi hiyo hunijia na huniinamisha kichwa.

Miaka iliyofuata nilituma salamu, sukari wakati wa Ramadhani, kadi. Popote nilipoona vitabu vya mtumba vimetandazwa chini, niliinama nikitafuta jalada la kijani, kwa ajili yake, ya nane, nilivyodhani. Nilioza watoto wa watu, nikafunza watoto wa watu namna ya kushika kitabu, nikapiga marufuku raba maktabani kwangu na wanafunzi wakaniona kichaa. Kila Idd nilipanga kwenda. Kila Idd kulikuwa na jambo.

Ijumaa baada ya hitima wanawake walipotawanyika, Bi Salma alinishika mkono akanipeleka chumbani. Amekuwa mdogo, nilikuwa nikimwinamia. Duka chini lauza vifuniko vya simu sasa, na muziki wake ulipanda kwenye ngazi. Rafu fupi ilikuwa pale pale karibu na kitanda, na vitabu vya kijani vimesimama. Nilihesabu. Nikahesabu tena kwa kidole.

"Ni saba tu, Bi?"

"Saba. Baada ya kile ulichompokelea hakununua kingine. Wakili yule alimletea cha nane mpaka mlangoni, akakirudisha. Nikamuuliza, mbona hukitafuti tena? Akasema, kishakuja." Aliketi ukingoni mwa kitanda na kunivuta niketi. "Nikamwambia, basi nisomee. Akasema, hakisomeki."

Muziki wa chini ulinyamaza, ukaanza mwingine. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu na nilitamani kukimbia ngazi kama mtoto.

"Nalitaka kukuuliza siku ile ile," Bi Salma akaendelea, bila ukali wowote, na ukali ungenisaidia. "Akanikataza. Akasema, mtoto wa watu huyo, mwache na sitara yake, atakuja kusema mwenyewe. Basi tukangoja. Kila Idd husema, huenda mwaka huu Zuhura akaja."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alijua tangu dakika ile ya dirishani. Alikuwa amenifunza yeye mwenyewe kutambua, na kwa maandishi ya mtu baki nisingekuwa na sababu ya kusema uongo. Asingenisitiri, angenikaripia, na ningelia nikamwambia mstari ule, na angekuwa nao miaka thelathini. Aliponifunika aibu yangu alilifunika na jibu la mwanawe, akalala kando yake kila siku bila kujua kwamba nilikuwa nimelisoma. Sina la kumlaumu. Mlango aliniachia wazi, akaniuliza hata pale uchochoroni, nikasema sina.

"Uliona lolote, mwanangu," aliuliza Bi Salma, "kabla hujafuta?"

Nikamwambia. Sikuhitaji kadi ya shule. "Baba, hili ulinifunza wewe kabla yao."

"Sema tena."

Nikasema tena. Midomo yake ilitembea pamoja na yangu. Mkono wake ulikuwa juu ya wangu, mkavu, mwepesi. Kisha akauliza, "Hili lipi?"

"Sijui, Bi. Alikuwa ametia alama kwenye maneno ya kitabu. Sikuyatazama."

"Mzee mwenyewe angelijua," akasema. "Angeliyaona hayo maneno tu, angelijua."

"Ndiyo, Bi."

Alinyoosha mkono, akapapasa rafuni mpaka mwisho, akakitoa cha saba. Alikijua kwa ukingo wake uliochakaa, kwa kuwa hicho ndicho kilichoshikwa zaidi. Akaniwekea mapajani. "Wewe mato yako mazima. Utafute ukurasa wake."

Nikakipeleka dirishani. Nilianza mwanzo, nikainamisha ukurasa, nikatazama, nikageuza, kama alivyonifunza. Pembe za kurasa zilikuwa zimelainika kwa vidole vyake. Yeye pia alikuwa amepita humu humu, mara ngapi sijui. Kurasa zote zilikuwa zimefifia sawa sawa, za kushoto na za kulia, zenye michoro na zisizo nayo. Nilikuwa nimefanya kazi safi. Adhana ya alasiri iliadhiniwa na nikawa bado nageuza, na Bi Salma hakuinuka, alikaa kitandani uso wake umeelekea sauti ya karatasi. Nilipofika jalada la mwisho sauti ikakoma.

"Umeuona?" akauliza.

"La, Bi," nikasema, na safari hii ilikuwa kweli.